Kalenda ya Mji Uliokufa kwa Homa

Harufu ya makapi ya mkonge haitoki nguoni kwa sabuni ya aina yoyote. Nilidhani nimeshaisahau, mpaka mwaka huu tulipomzika baba, nami nikabaki siku tatu pale kambini kupanga vitu vyake. Nilipovuta sanduku la bati kutoka mvunguni na kulifungua, ile harufu chachu, ya majani yaliyolala majini mpaka yakaoza, ilinijia usoni kana kwamba mashine bado inafanya kazi. Haifanyi kazi. Ilisimama nikiwa darasa la pili na haijawaka tena. Juu kabisa ya sanduku lilikuwapo shati lake la kazi, limekunjwa vizuri, na chini ya shati kalenda.

Ninyi mliokulia kambi za mkonge hamhitaji kuelezwa habari ya kalenda. Kwetu haikutupwa mwaka ulipokwisha. Iligeuka pambo la ukuta, na nyumba yenye kalenda tatu ilihesabika kuwa nyumba ya watu wenye maana. Sisi tulikuwa na moja tu, lakini hakuna jirani aliyekuwa na mfano wake. Baba alipewa na padri mmoja Mwitaliano, mzee wa makamo mwenye miguu iliyovimba, aliyekuwa akija kutusomea misa kigangoni mara moja kwa mwezi. Baba alikuwa msomaji wa masomo pale kigangoni. Padri alipougua na kurudishwa kwao, aligawa vitu vyake kwa waumini. Mmoja alipata kiti, mwingine redio, baba yangu akachagua kalenda. Mama hakumsamehe kwa ile redio.

Picha zilikuwa kumi na mbili, zote za mji mmoja wa kale uitwao Pestumu, ulioko kusini mwa Italia, kwenye uwanda ulio karibu na bahari, jirani na kijiji alikozaliwa padri mwenyewe. Baba alipofika nyumbani alichukua mkasi akakata sehemu ya chini ya kila ukurasa, penye tarehe, akisema tarehe zimekwisha lakini picha haziishi. Vile vipande alivifunga kwa uzi akavitia sandukuni, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu chenye maandishi. Picha akazitundika juu ya mlango wa chumba chao, mahali ambapo mimi na mdogo wangu Bene hatukufikia. Kila mwezi ulipoanza alipanda kwenye stuli, akageuza ukurasa, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya hadithi.

Historia ya mji ule naijua kuliko ya Songea, alikotoka babu yangu kuja Tanga kuwa manamba, yaani kibarua wa mkonge. Walioujenga ni Wagiriki. Hapo mimi na Bene hatukuwa na la kuuliza, kwa sababu Wagiriki tuliwajua. Shamba letu lilikuwa la Mgiriki kabla halijataifishwa, na nyumba yake nyeupe, yenye nguzo barazani, ilikuwa bado ipo juu ya kilima, wanakaa popo. Basi tulipoziona zile nguzo nene za kwenye kalenda, safu kwa safu, tulijua moja kwa moja kwamba lile jengo la kwanza ni nyumba ya bwana shamba, la pili ni korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, na la tatu ni ghala la marobota. Baba alisema ni mahekalu ya miungu yao. Hatukuona tofauti.

Baada ya Wagiriki wakashuka watu wa milimani wakauteka mji. Baada yao wakaja Warumi, wakaupa jina hilo la Pestumu, wakatandaza barabara za mawe, wakajenga soko na uwanja wa michezo. Warumi nao tuliwajua, kwa masomo ya Ijumaa Kuu, na hatukuwapenda. Mji ulikuwa na ukuta pande zote na mawaridi yaliyochanua mara mbili kwa mwaka, yakasifika hadi nchi za mbali. Halafu, bila vita, ukaanza kufa. Mlango wa mto ulijaa mchanga na tope, maji yakakosa pa kwenda, yakatuama. Uwanda ukawa kinamasi, mbu wakazaliana, homa ikaingia nyumba moja baada ya nyingine. Mimi nilielewa kwamba hiyo ni adhabu ya kumsulubisha Yesu. Walionusurika wakafunga mizigo, wakapanda mlimani wakajenga mji mwingine huko, na ule wa chini ukamezwa na msitu.

Baba alimalizia kila mara kwa maneno yale yale. "Mvua zikapita," alikuwa akisema, "wakaja watu wanachonga barabara, wakakuta nguzo zimesimama." Akifika hapo alikuwa hatutazami sisi. Alitazama dirishani, upande wa korona.

Mvua zikapita. Kwangu mimi mvua zilikuwa masika na vuli, hakuna nyingine. Nikapiga hesabu yangu ya darasa la pili: walipanda mlimani masika yalipozidi, maji yakakauka, wakashuka wakichonga njia ya kurudia, wakazikuta nyumba zao kama walivyoziacha. Nani mwingine angejisumbua kuchonga barabara ya kwenda kwenye nyumba za watu? Sikumuuliza baba. Jambo nililoona liko wazi sikuwa na sababu ya kuliulizia, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikuwa mtoto mbishi.

Bene yeye alikuwa na picha zake mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyati weusi waliolala kwenye tope, na nguzo nyuma yao. Baba alisema kwao padri nyati wanafugwa na kukamuliwa maziwa, na bibi yake padri alikuwa akiwakamua kwa mikono yake. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Picha ya pili ilikuwa ya mwisho, ya mtu aliyechorwa akijirusha kichwa chini kwenye maji, mikono mbele, mwili umenyooka. Baba alitueleza kwamba ilichorwa kwenye mfuniko wa kaburi, tena upande wa ndani, ili aione aliyezikwa peke yake. Bene hakusikia habari ya kaburi. Alichosikia ni kwamba mtu anaweza kuruka namna ile, akashinda akijirusha kutoka kitandani mpaka mama akamchapa.

Korona iliposimama hatukuambiwa imesimama. Tuliambiwa mwenye shamba mpya yuko njiani. Watu wakangoja mwezi, wakangoja mwingine, kisha wakaanza kuondoka, wa Kigoma kwao, wa Iringa kwao, wengine mjini kubahatisha. Baba alikuwa fundi wa mashine. Kila Jumatatu asubuhi alivaa shati la kazi, akachukua kopo la grisi, akaenda kuipaka mashine isiyowaka. Alisema mwenye shamba akifika akaikuta na kutu ataleta fundi wake. Mama alisema mwenye shamba akifika na awakute watoto wako hai.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mifereji haikuwa na mtu wa kuizibua tena. Makapi yaliziba njia ya maji, vuli ikanyesha, na nyuma ya kambi pakawa na bwawa ambalo vyura waliimba mchana kweupe. Zahanati ya shamba ilifungwa, mganga akahama na kabati lake la dawa. Homa ikaanza kupita milangoni mwetu. Bene, ambaye hata miaka mitano hakuwa ametimiza, aliugua mara moja, akapona, akaugua tena. Tumbo likamjaa upande mmoja kwa bandama, miguu ikawa vijiti, na ile michezo ya kitandani ikaisha yenyewe.

Mama hakuwahi kuisikiliza hadithi ya kalenda mpaka mwisho. Kila mara alikuwa na sufuria jikoni. Lakini mwezi ule, baba alipogeuza ukurasa na kuanza, mama aliketi kwenye mkeka, Bene mapajani, akasikiliza yote. Baba alipofika kwenye mvua zikapita, mama akamkatiza.

"Hao waliopanda mlimani, walikufa?"

Baba akasema hapana, hawakufa.

"Basi," mama akasema.

Dada yake mama, yaani mama yetu mdogo, alikuwa akichuma chai Amani, kule juu milimani ambako watoto wanalala na sweta na mbu ni wa kutafutwa. Mama alitaka twende huko kabla ya masika. Baba alijibu kwamba yeye ni fundi, haendi kubeba tenga la chai nyuma ya shemeji yake, na kwamba mtu akishaondoka kambini jina lake linafutwa. Walizozana wiki nzima, kwa sauti ya chini, wakinyamaza kila nilipoingia. Mwisho mama akanyamaza kabisa, na nyumba ikawa shwari. Baba alidhani ameshinda.

Ijumaa yake, tukiwa kisimani, mama aliniambia. Jumatatu, baba akiwa korona, lori lililokuwa likija kuchukua nazi Kigombe na kuzipeleka Muheza, njia ya Amani, lingetupakia pale barabarani. Mzigo wetu wa nguo ulikuwa umeshafichwa kwa Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa jirani yetu, Mdigo, mjane, aliyekaa nyumba ya mwisho ya kambi akikaanga samaki wa kuuza. Kwa dini na kwa kabila alikuwa mbali na sisi, lakini mama hakuwa na mtu wa karibu kuliko yeye. Bene alikuwa akilala mgongoni kwake zaidi kuliko alivyolala kwangu. Mama akaniambia nisimwambie yeyote, na kwamba baba tutamwandikia barua tukishafika.

Nilikaa na siri hiyo Ijumaa na Jumamosi. Jumapili mchana nilimkuta baba nyuma ya nyumba anafua shati lake la kazi mwenyewe, kwa ajili ya kesho, akisugua kola kwa kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha. Nilimwonea huruma, nisikufiche. Hadithi haikusema neno juu ya mtu aliyebaki mjini peke yake wengine wakipanda mlimani. Halafu nikajiambia, kama mvua zinapita na watu wanarudi, kuna haja gani ya kwenda? Tungojee hapa hapa tu, tuokoe safari.

"Baba," nikamwambia, "kesho ukirudi tutakuwa hatupo."

Hakufoka. Alilikamua lile shati mpaka tone la mwisho, akalianika, akaingia ndani.

Jumatatu alivaa shati likiwa bado bichi mabegani, akachukua kopo la grisi, akatoka kama kawaida. Mama alipofika barabarani, Bene mgongoni, mzigo kichwani, mimi nyuma nimeshika ndala zangu mkononi, baba alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kalvati, kopo katikati ya miguu. Lori lilikuwa linaonekana kwa mbali. Alisimama, akampokea mama mzigo kichwani, akageuka akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Mama alisimama kidogo. Lori likatupita na vumbi lake, naye akamfuata baba.

Jioni mama alikwenda kwa Bi Mwanaidi, nami nikaenda naye. Aliyejua habari ya mzigo, kwa akili ya mama, alikuwa mmoja tu. Mimi hakunihesabu. Bi Mwanaidi alikuwa akigeuza samaki kwenye karai, akainuka na mwiko mkononi.

"Mie sikunena, Mama Skola," alisema, akimwita kwa jina langu. "Haki ya Mungu, sikunena neno."

Alinitazama mimi aliposema hivyo. Naamini alielewa pale pale. Hakunitaja, wala wakati ule wala baadaye. Nami nilikuwa nimeshika upindo wa kanga ya mama, na mdomo wangu ulikuwa mzima kabisa. Tangu siku hiyo mama alipita mbele ya ile nyumba bila salamu. Kwa wasiojua, kambini mtu hupita bila salamu mbele ya mbwa tu.

Masika yalianza wiki mbili baadaye. Asubuhi moja Bene alishikwa na degedege, macho yakageuka juu. Baba alimfunga kwa kanga kifuani, akapanda baiskeli akaenda barabarani kutafuta gari la hospitali. Barabara ilikuwa tope tupu na hakuna gari lililopita. Tulimwona akirudi kabla ya adhuhuri. Alikuwa anaikokota baiskeli, hakuipanda, anatembea taratibu akikwepa madimbwi moja moja, na mama alipomwona anavyotembea akakaa chini palepale kwenye matope.

Waliobaki kambini walikuwa wachache, na kaburi lilichimbwa na wanaume wanne. Bi Mwanaidi alikuja na mzigo wa kuni na sufuria ya chai, akakaa na wanawake. Alipomwendea mama kumpa pole, mama alirudisha mikono yake ndani ya kanga. Mimi nilipanda stuli, nikaunyofoa ukurasa wa mwisho wa kalenda, nikaukunja, nikauingiza chini ya shuka ya Bene kabla hawajafunga jeneza. Nilihakikisha picha inatazama kwake. Baba aliona pengo kwenye kalenda mwezi wa Desemba alipofika hapo, na nilipokwenda kumwona Krismasi hakuniuliza.

Alikuwa amebaki peke yake kwa wakati huo. Baada ya arobaini mama alinichukua tukapanda lori lile lile, mchana, mzigo hadharani, na baba hakutoka nyumbani kutuzuia. Nimekulia Amani. Nimepata sweta, nimepata shule, sikuugua homa zaidi ya mara mbili. Mama alikuwa na haki kwa kila alichosema, na haki hiyo haijamsaidia chochote. Baba alikataa kuja. Mwenye shamba mpya alipofika hatimaye, alifika na watu wa vyuma chakavu, wakaikata mashine vipande vipande ikiwa na grisi yake. Nguzo za zege hazikuwa na mnunuzi, kwa hiyo ndizo zilizobaki. Nilikwenda kumwona kila Krismasi na kila mwaka alinionyesha jinsi zilivyo imara.

Bi Mwanaidi alirudi kwa ndugu zake Kigombe, akafia huko miaka michache iliyopita. Habari ilipotufikia mama alikuwa anachambua mchele. Alisema Mungu amrehemu, akaendelea kuchambua. Ningeweza kusema siku ile. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, na bado nilinyamaza, nikajidanganya kwamba nanyamaza kwa ajili ya mama.

Sasa nirudi kwenye sanduku. Chini ya kalenda kulikuwa na vyeti vyetu vya ubatizo, na chini ya vyeti, vile vipande vya tarehe, vimefungwa kwa uzi ule ule. Nilivifungua kwa sababu tu nilitaka kuona mwaka. Kumbe chini ya kila mwezi padri alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili chake chenye herufi kubwa kubwa, maelezo ya picha, ili baba ajue anachokitazama. Cha nyati kilikuwapo. Cha mtu wa kwenye mfuniko kilikuwapo. Na kimoja kilisema hivi: HOMA ILIPOZIDI WATU WALIHAMIA MLIMANI. HAWAKURUDI. MJI ULISAHAULIWA KARIBU MIAKA ELFU MOJA, MPAKA WACHONGA BARABARA WALIPOUONA.

Nilikisoma nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Baba alikuwa msomaji wa kanisa, hakuacha hata risiti ya sukari bila kuisoma. Kwa hiyo alipokuwa akisema mvua zikapita, alijua ni mvua ngapi.

Mama alikuwa chumba cha pili. Ameshazeeka, na alikuwa ameshuka kutoka Amani kwa ajili ya mazishi, akakubali kukaa mpaka nguo zigawiwe. Alikuwa anakunja mashati ya baba akiyapanga kwenye mkeka. Macho yake hayasomi tena, hivyo nikakaa karibu nikamsomea kile kipande. Aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

Nikasema ndiyo, alijua.

"Alijua hawarudi, na bado akaja kukaa pale kwenye kalvati. Kwa maneno ya Mwanaidi."

Nilikuwa na kipande mkononi. Nilikuwa nimemsomea ili lawama impate baba, nusu yake hata robo, na sasa nikaona haikwenda kwake. Ilikwenda kule kule ilikozoea kwenda.

"Bi Mwanaidi hakusema, mama," nikamwambia. "Nilisema mimi."

Aliendelea kukunja. Alimaliza shati alilokuwa nalo, akavuta jingine, akalilaza mapajani, akalinyoosha kola kwa kidole gumba. Nilingoja anitukane, au anipige, au aniambie nilikuwa mtoto. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo matatu. Hakunitazama. Alitazama nje, upande wa nyumba ya mwisho ya kambi, ambayo siku hizi haina hata paa.

"Ningekuwa nikimsalimia," akasema.